Swali la Msomaji: Je, Ngome ya Daulatabad Haikuwahi Kutekwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao natarajia kwenda India, na nimekusudia kuizuru ngome ya Daulatabad iliyoko Maharashtra. Nimesikia kwamba haikuwahi kutekwa. Je, ni kweli? Na nikifika, nitazame nini ili nielewe historia yake?

JIBU: Ndugu msomaji, ilitekwa, tena zaidi ya mara moja, ila kuta zake hazikuwa chanzo. Mwaka 1296, ilipokuwa ikiitwa Devagiri na kukaliwa na wafalme wa Yadava, Alauddin Khalji, jemadari kutoka Delhi, aliizingira ghafla. Inasimuliwa kwamba mfalme Ramachandra, aliyekuwa amejifungia ndani, aligundua kuwa magunia aliyodhani yamejaa nafaka yalikuwa ya chumvi, akalazimika kusalimu amri. Mwaka 1633 jeshi la Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, liliizingira tena, na Fath Khan, aliyekuwa akiilinda ngome, njaa ilipowazidi watu wake, akaikabidhi kwa kulipwa fedha. Habari hiyo hunisikitisha kila niisomapo, kwa kuwa baba yake, Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi na kuuzwa utumwani, alipanda hadi kuwa waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar, akawazuia Wamughal hao hao kwa takriban robo karne mpaka alipofariki mwaka 1626.

Kwa hiyo nakusihi usikimbilie kileleni. Mnara wa Chand Minar, uliojengwa mwaka 1445, utauona tu, maana unaonekana kutoka mbali. Tulia zaidi kwenye handaki lililochongwa ndani ya mwamba wenyewe, kisha inua macho uone jinsi ubavu wa kilima ulivyochongwa ukasimama wima kama ukuta, hata adui asipate pa kuweka mguu. Ukivuka hapo utaingia Andheri, njia ya giza inayojipinda ndani ya mwamba, ambamo mvamizi asiyeona mbele alingojewa na walinzi walioizoea.

Jina la Daulatabad lilitolewa na Sultani Muhammad bin Tughluq, ambaye mwaka 1327 aliufanya mji huu kuwa makao makuu badala ya Delhi, akitaka kuitawala Dekani, nyanda za juu za kusini mwa India, kwa karibu, na akawalazimisha watu wa Delhi kuhamia huko, safari iliyowatesa wengi kabla ya yeye mwenyewe kuuacha mpango huo. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita hapa baadaye, akaandika kwamba katika mashimo ya gereza la ngome mlikuwa na panya wakubwa kuliko paka.

Kabla hujatoka, tazama hodhi kubwa liitwalo la tembo, lililo sehemu ya chini ya ngome. Wakuu wa ngome hii walijishughulisha sana na maji. Ghala la chakula ndilo lililowaponza.