Jaji Sandra Day O'Connor na uzito wa kura ya kati

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sheria. Tumefundishwa kwamba Jaji Sandra Day O'Connor wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikuwa mtu wa msimamo wa kati. Msimamo huo ulionekanaje katika hukumu zake, na umeacha nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, O'Connor aliteuliwa na Rais Ronald Reagan mwaka 1981, Seneti ikamthibitisha kwa kura 99 bila hata moja ya kumpinga, akawa mwanamke wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo. Naamini kilichomjenga zaidi ni miaka yake katika Seneti ya jimbo la Arizona, ambako aliongoza maseneta wa chama chake na kuzoea kutafuta jambo ambalo pande zote zingeliridhia.

Majaji ni 9, na mara nyingi wanne walikuwa huku na wanne kule, hivyo kura yake ndiyo iliyoamua. Hakupenda kutunga kanuni pana. Alitazama shauri lililo mbele yake. Mwaka 1992, katika shauri la Casey kutoka Pennsylvania, yeye na majaji Kennedy na Souter, wote wateule wa marais wa chama cha Republican, waliilinda haki ya mwanamke kutoa mimba kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo, ila wakayaruhusu majimbo kuweka masharti ilimradi yasimbebeshe mwanamke mzigo uliopita kiasi. Kwa kipimo hicho, sharti la kusubiri saa 24 lilibaki, na lile la mke kumwarifu kwanza mumewe likafutwa. Mwaka 2004, katika shauri la Hamdi, raia wa Marekani aliyezuiliwa kama mpiganaji wa adui, aliandika kwamba hali ya vita haimpi rais hundi isiyojazwa kiasi inapohusu haki za raia. Kwa upande mwingine, mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa watano waliosimamisha kuhesabiwa upya kwa kura za urais za jimbo la Florida, uamuzi ambao, kwa maoni yangu, uliidhoofisha imani ya wananchi kwa mahakama.

Alistaafu Januari 2006 ili amuuguze mumewe aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Kiti chake kilichukuliwa na Samuel Alito, ambaye mwaka 2022 ndiye aliyeandika hukumu ya kuitengua Casey. Udhaifu wa njia yake ni huo: kipimo kinachotegemea busara ya anayepima hubadilika mpimaji akibadilika. Hata hivyo, kwa miaka 30 mahakama za chini zilikitumia, na kuna sheria nyingi kali za majimbo zilizoanguka kwa sababu yake.

Ukitaka kumwelewa, anza na sehemu ya Casey inayohusu sharti la mume, ambamo majaji hao watatu walieleza hali ya wanawake wanaopigwa majumbani mwao, ambao kwao kumwarifu mume ni hatari.