Mti wa kivuli karibu na nyumba, Mukono (Uganda)

Ndugu, umesema kuna mita 8 tu kati ya nyumba na shimo la maji taka, na unataka kivuli cha gari. Basi achana na mutuba, ule mtini wa kutengenezea nguo za magome: kivuli kizuri kweli, lakini mizizi yake itaingia kwenye mabomba. Mwembe nao utaangushia gari maembe.

Panda Terminalia mantaly, wenye matawi ya ngazi-ngazi, mita 4 kutoka ukutani, upande wa magharibi wa maegesho. Jua la alasiri ndilo kali. Chimba sentimita 60 kwa 60 mvua za Machi zikianza. Chana na uondoe kiriba chote, yaani mfuko wa plastiki wa mche! Kikibaki, mizizi huzunguka humohumo na mti hudumaa. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, isifukiwe, itaoza.