Jibu: Paisii au Neofit?

Ndugu, umeuliza iwapo insha yako kuhusu kufufuliwa kwa lugha na elimu ya Kibulgaria imhusu Paisii wa Hilendar au Neofit Rilski. Kwa maoni yangu, mchague Neofit. Paisii, mtawa aliyekamilisha kitabu chake cha historia ya Wabulgaria mwaka 1762, aliamsha fahari ya taifa, lakini Neofit, mtawa wa monasteri ya Rila, ndiye aliyeingiza lugha hiyo darasani: mwaka 1835 alichapisha sarufi ya Kibulgaria na kuanza kufundisha katika shule mpya ya mji wa Gabrovo, iliyofadhiliwa na Vasil Aprilov na wafanyabiashara wenzake, ambako wanafunzi waliotangulia waliwafundisha wenzao, njia iliyofaa kwa kuwa walimu walikuwa wachache. Eleza pia kwamba elimu ya juu zaidi wakati huo ilitolewa hasa kwa Kigiriki; bila hilo, msomaji hataona uzito wa sarufi ile.