Kabla hujalipia kozi ya unahodha, nunua daftari

Siku niliyokwenda kuulizia cheti cha unahodha wa boti ndogo nilikuwa na miaka kumi na mmoja baharini. Nimekulia Mafia kwenye mashua ya mzee wangu, na Nyamisati na Kilindoni nimepavuka mara nyingi kuliko nilivyopanda daladala. Miaka ya mwisho nilikuwa nashika usukani wa boti ya faiba inayowapeleka wageni kuogelea na papa potwe. Dada wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sawa kaka, imeandikwa wapi?"

Haikuwa imeandikwa popote.

Ndiyo maana nasema anza na daftari, lile gumu la kaunta lisiloharibika upesi kwa unyevu. Kila safari ipe mstari mmoja: tarehe, jina na namba ya chombo, urefu wake, nguvu ya mashine, ulikotoka na ulikokwenda, kazi uliyofanya, saa ulizokaa majini. Mwisho wa mstari, saini ya nahodha au mwenye chombo. Saini ndiyo yenye tabu. Mimi nilirudi kwa bosi niliyemfanyia kazi misimu mitatu kumwomba barua, akanijibu kwamba nikipata cheti nitamkimbia, sasa anisaidie kukimbia kwa sababu gani? Nilimfuata miezi mitano. Aliyeniandikia ni mwingine, niliyekaa naye msimu mmoja tu, na yeye aliandika siku za kwake peke yake, kwa haki kabisa. Ile misimu mitatu ilikwenda na maji, ikabidi nitumike upya kwenye chombo kingine. Omba saini kila mwisho wa mwezi, mkiwa bado mnacheka.

Pa kuulizia panajulikana, ni kwa mamlaka za usafiri wa majini. Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, ndugu zangu wa Kenya wana KMA. Nenda mwenyewe, sema ni chombo gani unataka kuendesha, maana masharti ya boti ya wageni si masharti ya meli, halafu omba orodha ya mahitaji iliyoandikwa. Ya vijiweni achana nayo, hasa yule jamaa wa "cheti cha haraka".

Kitu cha pili, kabla ya ada ya kozi yoyote: kapime macho. Simaanishi kusoma herufi ubaoni tu. Kuna kile kitabu cha vidoti vya rangi, kila ukurasa una namba iliyofichwa ndani ya vidoti, wewe uiseme. Mwenzangu mmoja, mvuvi hodari kunishinda mimi, alikuwa ameshalipia kozi alipofunguliwa kile kitabu. Ukurasa wa tatu akaanza kukisogeza karibu na dirisha. Hakuwahi kujua kwamba nyekundu na kijani kwake ni ndugu; embe mbivu alikuwa anaijua kwa kuiminya. Na huo si ukorofi wa madaktari. Usiku chombo cha mashine kinaonyesha nyekundu ubavu wa kushoto na kijani ubavu wa kulia. Ukiona nyekundu inakatisha kutoka kuliani kwako, wewe ndiye wa kumpisha. Usipozitofautisha, hujui mwenzako anaelekea wapi.

Taa ndizo zilizonitesa kuliko kitu chochote. Huku kwetu usiku mvuvi wa dagaa unamjua kwa karabai, siku hizi kwa taa ya sola, na mngurumo wa mashine unakwambia ni nani. Kwenye mtihani hakuna karabai. Nyekundu juu ya nyeupe ni mvuvi. Kijani juu ya nyeupe anakokota wavu wa kukokota. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, huyo ameshindwa kukitawala chombo chake. Nilizichora kwenye vipande vya boksi la sabuni, jibu nyuma, mwanangu wa darasa la pili akawa ananitahini wakati wa chakula. Alizishika kabla yangu.

Hapa nikuonye jambo lililokaribia kuniangusha. Nilikuwa najisomea kwa video za intaneti, na nyingi nilizozipata ni za Wamarekani. Wao wanafundishwa kwamba ukiingia bandarini kutoka baharini, boya jekundu, lile linaloelea kuonyesha njia ya vyombo, linakaa kulia kwako. Nikalikariri. Huku kwetu ni kinyume: ukiingia, jekundu liwe kushoto, kijani kulia. Dunia imegawanywa kanda mbili za maboya, Marekani ipo kanda B na sisi kanda A. Wiki nzima nilikuwa napandisha meli za kufikirika kwenye mafungu ya mchanga. Mambo mengine, kama sheria za kupishana, ni mamoja dunia nzima, kwa hiyo video hizo usizitupe, lakini kwenye maboya funga masikio.

Kozi za usalama nilizisomea Dar es Salaam: kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini. Usizidharau kwa kuwa unajua kuogelea. Wavuvi tuliozoea kupiga mbizi ndio tuliopigiwa kelele zaidi, kwa sababu kurukia majini na jaketi la kuokolea kuna namna yake: unaziba pua, mkono mwingine unalibana jaketi, miguu umeipishanisha, macho mbele. Ukichungulia chini unaangukia uso.

Mtahini wangu alikuwa nahodha mzee, mpole wa sauti. Nilimpa shikamoo, akaniuliza: "Kijana, maji yamejaa saa 10 alfajiri, yanapwa saa 4 asubuhi, tofauti mita 3.6. Saa 2 yameshuka kiasi gani?" Mwenye haraka atagawa kwa sita, kila saa sentimita 60, atajibu mita 2.4. Lakini maji hayashuki hivyo, na mtoto yeyote aliyecheza pwani ya Kilindoni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, anajua: mwanzo yanasita, katikati yanakimbia, mwisho yanasita tena. Kitabuni hiyo inaitwa kanuni ya kumi na mbili. Saa ya kwanza sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne tatu tatu, halafu mbili, halafu moja. Jibu ni mita 2.7. Hizo sentimita 30 zinatosha panga la mashine kukutana na mwamba. Nilipomaliza hesabu akauliza nimeisomea wapi. Nikamwambia kanuni nimeisoma juzi, maji nimeyajua zamani. Akaandika kitu, hakunionyesha.

Cheti nilipata, na kazi ilikuja upesi. Kilichonishangaza ni ugomvi uliokuja nayo. Mwezi wa nane, upepo wa kusi umekaza, nilitakiwa nitoke mlango wa Kinasi, njia ya kutokea bahari kuu, na watu kumi na wanne kwenye boti iliyoandikiwa kumi. Zamani ningelalamika kisha ningeondoka nao, maana jina langu halikuwa kwenye karatasi yoyote. Safari hii lilikuwepo. Nilikataa, mwenye boti akapiga simu, na baada ya nusu saa akaja mtu mwingine akauchukua usukani. Walirudi salama. Mimi sikuitwa tena mwezi ule. Siku hizi kabla sijakubali boti namuuliza mwenyewe, mbele ya shahidi: bahari ikichafuka, neno la mwisho la nani? Wawili wameshanijibu kwamba watanipigia.