Si kila ganzi ni ugonjwa kurudi

Mwanangu,

Umeniuliza: mguu ukifa ganzi tena, utajuaje kama MS, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ganda la neva, imekushambulia upya, au ni uchovu tu?

Anza na saa 24. Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikidumu mfululizo kupita saa 24 nawe huna homa wala maambukizi, mpigie daktari wako wa neva. Ganzi ya dakika chache inayokuja na kuondoka si shambulio. Lakini miguu ikiishiwa nguvu, mkojo ukikataa kutoka, au jicho likiuma ukilizungusha na rangi nyekundu ikapauka, usingoje saa zitimie.

Kinachodanganya wengi ni joto. Neva iliyobambuka ganda lake la mielini hupitisha ujumbe kwa taabu, na joto la mwili likipanda hata nusu digrii ujumbe hukwama. Ndiyo sababu Februari, ukishuka kwenye matatu iliyofungwa madirisha, miguu huwa mizito na macho huingia ukungu. Kaa kivulini, kunywa maji baridi, lowesha shingo. Dalili zikififia mwili ukipoa, hilo si shambulio. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nayo huleta mchezo huohuo, wakati mwingine bila hata kuwashwa ukikojoa, kwa hiyo pima mkojo kabla ya kukubali steroidi, dawa ya kutuliza shambulio.

Steroidi yenyewe, methylprednisolone, kwa kawaida ni gramu 1 kwa siku kwenye mshipa, siku 3 hadi 5. Inaharakisha nafuu tu. Haizuii ugonjwa kusonga mbele. Omba uwekewe asubuhi, la sivyo utakesha. Kuzuia ni kazi ya dawa za muda mrefu kama rituximab na ocrelizumab. Kabla ya hizo upimwe homa ya ini ya B, TB na HIV, na chanjo zilizobaki zitangulie.

Hili nalo usiliache: uliza kama ulipimwa damu kutafuta kingamwili zinazoshambulia protini iitwayo akwaporini-4. Hizo huonyesha ugonjwa uitwao NMO, unaofanana sana na MS, nao huwapata Waafrika zaidi kuliko Wazungu. Interferoni, ambayo ni dawa ya MS, inaweza kuuzidisha.

CD ya MRI ni yako, usiiache hospitalini. Ripoti ya karatasi haitoshi. Daktari hulinganisha picha kwa picha. Na upitie kwa kemisti leo ununue themometa. Ukinipigia usiku kuhusu ganzi, swali langu la kwanza litakuwa joto ni ngapi.

Mamako