Mjomba, bosi anataka samaki wa rangi zote

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi nipo Tanga, Raskazone, bosi wangu anafungua mgahawa na ukutani kaweka tangi la vioo, urefu mita 3, upana mita 1, kina sentimita 80, sasa kazi ya kuchagua samaki kanitupia mimi na anataka rangi zionekane mpaka kwa mtu aliyekaa meza ya mwisho. Nimeona picha za frontosa wa Kigoma na mbuna wa Ziwa Nyasa nikawaza niwachanganye tu humo humo, si tangi kubwa? Na maji ya bomba je?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Usiwachanganye, na bora umeuliza hela haijatoka. Hilo tangi ni lita 2,400, yaani tani 2 na ushee za maji matupu bado mawe na mchanga, kwa hiyo hata kabla ya samaki muulizeni fundi hiyo sakafu aliisukaje.

Haya, samaki. Hao wote ni ukoo mmoja na sato na perege, ila tabia mbalimbali kabisa. Mbuna ni wazuri sikatai, njano, bluu, chungwa, lakini wengi wanaishia sentimita 10 hivi na kutwa wapo kwenye mawe wanafukuzana, mtu wa meza ya mwisho ataona vidoa vinakimbia basi. Halafu mbuna wengi ni wala mwani, wanakwangua mawe, wakati frontosa ni mla nyama anayefika sentimita 30, mtaratibu kama bwana harusi, ila giza likiingia anapita anawameza wadogo waliolala. Ukilisha chakula cha frontosa mbuna wanavimba tumbo wanakufa, ukilisha cha mbuna frontosa anadhoofu, tena zile fujo mchana kutwa zinamfanya ajibanze kwenye kona mpaka rangi inafifia.

Ingekuwa mimi ningebaki na Nyasa, ila ningechukua wale wanaoogelea maji ya wazi pamoja na pikoki, yaani samaki wa Nyasa wa jamii ya Aulonocara, na madume matupu. Siri ya rangi ipo hapo, kwa hawa dume ndo anavaa, majike mengi ni ya kijivu tu, na bila majike ugomvi unapungua na hutopata watoto chotara wasiojulikana ni nini. Mtafute Sciaenochromis fryeri, bluu iliyokoza huyo hata ukiwa barabarani unamwona, halafu Copadichromis borleyi mwenye kichwa cha bluu na mwili mwekundu, pikoki wa njano Aulonocara baenschi, na Cyrtocara moorii mwenye nundu kwenye paji la uso, huyo wateja watampa jina wenyewe utaona. Labidochromis caeruleus, yule wa njano, ni mbuna lakini mpole, weka hata 8. Wengine wote kila aina mmoja mmoja, na wawili wasifanane rangi maana dume hapigani na mgeni, anapigana na anayefanana naye. Jumla kama 40 hivi, waingie pamoja wakiwa wadogo. Utauziwa na Melanochromis auratus, yule wa mistari ya njano na nyeusi, anapendeza sana akiwa mtoto, we mkatae tu, akikua ni jambazi.

Na ukiona vifaranga vya pikoki vya sentimita 4 vimeshakolea rangi kama khanga mpya shtuka, kuna wauzaji wanawalisha homoni, ukifika nao nyumbani rangi inapauka.

Maji wanataka pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, 7.8 mpaka 8.6, pima ya kwenu kwanza. Yakiwa chini weka mawe ya chokaa, Tanga chokaa mnayo mpaka ya kutengenezea simenti, ila usiende kubanja pale mapango ya Amboni tafadhali. Klorini uitoe kwa dawa, au uache maji kwenye simtank siku moja au mbili na pampu ya hewa inafanya kazi. Joto wanapenda 24 mpaka 27, hita hutohitaji, mwezi wa pili utatafuta feni ya kupuliza juu ya maji.

Halafu kabla samaki hawajaingia filta ikae inazunguka wiki 4 mpaka 6 huku unatia amonia kidogo kidogo ili wazaliane bakteria wa kuila amonia itokayo kwa samaki, maana kwenye maji ya pH kubwa amonia ni sumu kali zaidi. Kwenu mnasema waja leo waondoka leo, basi ukimwaga samaki 40 kwenye maji ya jana nao wataondoka leo leo. Nunua na pampu ya hewa ya betri, umeme ukikatika usiku ndo itakayowaokoa.

Bosi akishupalia frontosa, mwambie wanataka tangi lao, kundi la 10 au 12. Na wahudumu wawe wakali, mteja asitupie samaki chipsi wala mishikaki.