FoxPro imekufa? Jibu la aliyekaa nayo kwenye kiwanda cha sangara

Mkuu, umesema SACCOS yenu hapo Igoma bado inaendesha mikopo kwa mfumo wa FoxPro (programu ya zamani ya kutunza na kutafuta data kwenye majedwali), aliyeuandika ni marehemu, na kuna kijana anawashauri mtupe kila kitu mlipie mfumo wa mtandaoni kila mwezi. Unauliza kama FoxPro imekufa kweli. Nimekaa nayo miaka zaidi ya ishirini hapa Mwanza, kwa hiyo nitaongea kwa kirefu. Mwenye haraka aruke.

Nilianza 1996 kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kando ya ziwa, jina nalihifadhi. Karani wa mapokezi alikuwa na daftari lililolowa maji ya samaki: wakala fulani, kilo zilizopimwa, kilo zilizokataliwa, bei. Jioni mhasibu anajumlisha kwa kikokotoo huku mawakala wako getini wanasubiri hela na kutoa maneno yasiyoandikika hapa. Nikawaandikia kitu kidogo kwa FoxPro 2.6 ya DOS. Skrini ya bluu, herufi nyeupe. Namba ya wakala, Enter, kilo, Enter, risiti inatoka kwenye printa ya pini inayolia kama cherehani. Kompyuta ilikuwa na RAM ya megabaiti 8, lakini ukitafuta jina kati ya rekodi laki mbili lilikuwa limeshafika kabla hujainua kidole. Ufundi ule uliitwa Rushmore: badala ya kupekua jedwali lote, inauliza indeksi kwanza (orodha ya kutafutia, kama ile ya nyuma ya kitabu), kisha inachota rekodi zinazohusika tu.

Mwaka 1999 Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya viuatilifu. Mlango ulipofunguliwa, wanunuzi wetu walitaka kila boksi lijulikane limetoka mwalo gani, siku gani. Niliongeza kolamu mbili jioni, asubuhi karani akawa anazijaza. Hapo ndipo niliponogewa kabisa.

Sasa tuje kwenye kampuni. FoxPro haikuzaliwa Microsoft. Ilitoka Fox Software, kampuni ndogo ya Ohio, Marekani, na Microsoft wakainunua 1992, mwaka uleule waliotoa Access, programu yao wenyewe ya kutunza data. Tangu siku hiyo sisi wa FoxPro tulikuwa na swali moja: huyu mbweha (ndiyo maana ya "fox") amenunuliwa afugwe au achunwe ngozi? Rushmore ikaonekana baadaye ndani ya Access. Mwaka 1998 Visual FoxPro 6, FoxPro ya Windows, ilikuwa kwenye boksi moja na wenzake wa Visual Studio, seti ya Microsoft ya zana za kuandikia programu. Visual Studio ya .NET ilipotoka 2002, hakuwemo, alikuwa akiuzwa peke yake. Toleo la 9 likatoka mwishoni mwa 2004. Machi 2007 wakatangaza hakuna la 10. Msaada ukakoma kabisa Januari 2015.

Miaka yote hiyo tuliambiwa bado ipo, na ilikuwepo kweli. Ila mgeni anayetaka kuaga haanzi kwa kusimama, anaanza kwa kuangalia viatu vyake viko wapi. Tuliona. Mimi niliona, na bado nikahamia Visual FoxPro 9 mwaka 2008, yaani nikahamia kwenye nyumba ambayo matanga yake yalishakaliwa. (Ile 2.6 ilinilazimisha: kwenye kompyuta zenye kasi inagoma kufunguka, inalia kwamba imegawanya kwa sifuri, mpaka uiwekee kiraka.)

Kilichonitoa hakikuwa Microsoft. Siku moja umeme ulikatika usiku, UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ilikuwa imechoka. Asubuhi mfumo ukasema jedwali la mapokezi limeharibika. Malori mawili yako getini, barafu inayeyuka, na mimi niko Ukerewe msibani. Kijana wa kompyuta pale kiwandani ana diploma, si mvivu, ila faili la .dbf, ndilo jedwali lenyewe la FoxPro, hajawahi kuliona maishani. Nikajaribu kumwelekeza kwa simu, mtandao unakatika, tukaishia kupigiana kelele. Nikasubiri meli ya Nansio. Nilipofika kazi ilikuwa ya dakika kumi: chukua ukubwa wa faili, toa kichwa cha faili (sehemu ya mwanzo inayotunza idadi ya rekodi), gawa kwa urefu wa rekodi moja, unapata idadi halisi ya rekodi. Kichwani iliandikwa nyingine, kwa sababu umeme ulikatika kabla hesabu haijasahihishwa. Unaiandika upya kwenye zile baiti nne, unajenga indeksi, mfumo unafunguka. Meneja akaniita mganga. Sikufurahi. Miaka yote nilikuwa nawalaumu Microsoft kwa kutuacha bila mrithi, na mimi mwenyewe sikuwa nimemfundisha hata mtu mmoja.

Kwa hiyo kwenu. Kama ni Visual FoxPro 9, ni programu ya biti 32 na inafanya kazi hata kwenye Windows 11, msitishwe na neno "imekufa". Kama ni ile ya DOS, hapo kuna haraka: Windows ya biti 64 haiifungui bila programu ya kuigiza DOS, Windows 11 haina toleo la biti 32, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Leo hii nakili folda nzima, si .dbf peke yake. Maelezo marefu ya wakopaji yamo kwenye .fpt, ukiisahau yamekwenda. Angalia pia jedwali lolote linalokaribia gigabaiti 2, hapo ndipo ukomo. Data yenyewe haijafungwa na mtu: LibreOffice inaifungua .dbf, Python inaisoma.

Kuhama mtahama, mimi nilihama 2017 kwenda PostgreSQL, mfumo wa bure wa kutunza data, na vijana wawili, mifumo yote miwili ikienda sambamba miezi mitatu. Lakini huyo wa malipo ya mwezi muulizeni jambo moja, ajibu kwa maandishi: tukiacha kulipa, au ninyi mkifunga ofisi, tunapata data yetu kwa faili la aina gani na ndani ya siku ngapi? FoxPro ilipotangaziwa mwisho, iliendelea kupima samaki wangu miaka kumi. Mfumo wa mtandaoni mwenyewe akizima seva asubuhi, saa nne mwanachama yuko dirishani anaulizia salio lake na hamna cha kumwonyesha.

Kabla ya kuamua, fungua ile folda ya marehemu uniandikie majina ya mafaili tu, data usitume. Nikiona .prg na .scx, yaani maandishi ya programu na fomu zake, basi aliwaachia na mapishi, na kuna mtu atayasoma. Nikiona .exe peke yake, yaani programu iliyokwisha kupikwa, nitafute inbox tuongee vingine.